Gari jipya linakata nguvu mlimani, Dar wanasema halina tatizo: hatua za kufuata

Maswali ninayopigiwa simu ni yale yale. Gari ni jipya, lina miezi minne, taa ya cheki injini imewaka: nilipeleke kwa fundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, au nilirudishe Dar? Limekwenda Dar mara mbili na bado: nidai pesa zangu? Limerudi na mkwaruzo ambao halikuwa nao: nitathibitishaje? Nimekuwa nikijibu kipande kipande, na kila mara nasahau jambo. Leo nayaandika yote.

Langu ni gari la michezo, milango miwili, injini ya turbo (pampu inayoisukumia injini hewa zaidi), gia za mkono. Nililichukua likisoma kilomita 11. Nilikuwa nimeliwekea akiba kwa miaka mingi, kwa hiyo siku lilipokata nguvu katikati ya mlima Kitonga, malori nyuma yangu yakipiga honi, niliumia kama mtu aliyeibiwa. Nililipeleka kwa walioniuzia, Dar, mara tatu. Mara mbili za kwanza niliambiwa, "Dada, gari lako halina shida, tumelizungusha, liko sawa." Mara ya pili lilirudi Mbeya bila bolti nne za ngao ya chini, ile sahani inayokinga tumbo la gari. Mara ya tatu nilikwenda na ushahidi, na chanzo kikapatikana siku hiyo hiyo: mpira wa intakula (kipoozaji cha hewa inayotoka kwenye turbo) ulikuwa na ufa mwembamba unaofunguka ukibanwa na upepo mwingi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale mafundi hawakunidanganya. Kwao gari lilikuwa sawa kweli. Jiji la Dar ni tambarare, liko usawa wa bahari, na foleni haimpi mtu nafasi ya kukanyaga hadi chini kwa dakika tano. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu. Dar hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 101 hivi, Mbeya ni kama 82. Tuseme injini inataka 200 ndani: kule turbo inaongeza 99, huku inabidi iongeze 118. Mpira unaovumilia 99 unaweza kuachia kwenye 118, tena ukiwa wa moto. Kwa hiyo ukipeleka gari Dar, lipeleke na mlima wake. Hatua zote hapa chini ni za kuubeba huo mlima.

Mwongozo huu ni wa gari lililonunuliwa jipya, lenye waranti. Kama umeagiza lililotumika kutoka Japani, hatua ya 2 hadi ya 4 zitakufaa. Zilizobaki zitategemea mkataba wako na aliyekuuzia.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kijitabu cha waranti, mkataba wa mauziano, risiti ya EFD na nakala ya kadi ya gari.
- Daftari moja la gari tu, lisichanganywe na hesabu za duka.
- Kifaa cha OBD (cha kusoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth na programu yake kwenye simu. Kinachomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani. Magari mapya ya petroli ya soko la Marekani yamekuwa na mfumo huo tangu 1996 na ya Ulaya tangu 2001, hivyo lako jipya karibu hakika linao.
- Geji ya tairi, na kipimo cha umeme wa betri.
- Risiti za mafuta. Zote. Utaona kwa nini.
- Mtu wa kukaa nawe garini wakati wa kujaribu.

Hatua

1. Soma waranti yako mstari kwa mstari. Nyingi ni za miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia, lakini shika ya kwako. Tafuta mambo matatu: visivyohusika (kwa kawaida klachi, bitana za breki, tairi na waipa), ratiba ya sevisi, na nani anaruhusiwa kufungua injini. Kama umebadilisha programu ya injini ili kuongeza nguvu, jua kwamba kompyuta za magari mengi huhifadhi alama ya kazi hiyo hata ukirudisha programu ya awali. Wakiiona, umewapa sababu ya kukukatalia.

2. Andika kila tukio siku hiyo hiyo. Hii ndiyo hatua iliyoniokoa, na ndiyo watu wanaidharau. "Gari linakosa nguvu" si maelezo. Fundi aliye mbali kilomita zaidi ya 800 hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Andika hivi:

*14 Juni, saa 12:20 asubuhi, kilomita 6,412. Barabara ya Chunya, kupanda. Nje nyuzi 8. Gia ya 3, mizunguko 3,000, kanyagio hadi chini. Dakika ya nne nguvu zikakata ghafla, taa ya cheki injini ikawaka, joto la maji 96. Nikaegesha, nikazima, nikawasha: nguvu zikarudi, taa ikabaki. Namba P0299.*

Huna haja ya kwenda hadi Kitonga kulijaribu. Aliyeko Mbeya ana barabara ya Chunya, inayopanda kupita mita 2,400. Hapo udhaifu wowote wa turbo, plagi au upoozaji utajionyesha. Aliyeko Iringa mjini ana Kitonga yenyewe upande wa Ilula. Mwenzako ndiye ashike simu na kurekodi dashibodi. Wewe shika usukani.

Onyo: usilazimishe gari liharibike ili upate ushahidi. Taa ya cheki injini ikianza kupepesa, achia kanyagio mara moja. Kwa kawaida inamaanisha injini inamisi, yaani mafuta hayachomeki sawasawa ndani ya silinda, kiasi cha kuharibu kichujio cha moshi. Taa ya oili au sindano ya joto ikipanda kupita kawaida, simama, zima, usiliendeshe tena. Hilo ni la kubebwa.

3. Soma namba za hitilafu, na usizifute. Chomeka kifaa, washa swichi, soma. Zinazoanza na P0 zina maana moja kwa magari yote. Za P1 ni za mtengenezaji mwenyewe. Chache utakazokutana nazo: P0299, turbo inapuliza chini ya kiwango. P0301, silinda ya kwanza inamisi. P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. P0562, umeme ni mdogo. U0100, mawasiliano na kompyuta ya injini yamekatika.

Pamoja na namba hizo, kompyuta hutunza kumbukumbu ya sekunde ile hitilafu ilipotokea: mizunguko, kasi, joto la maji, mzigo wa injini. Ipige picha kwenye simu. Hiyo ndiyo saini ya mlima.

Sasa kosa kubwa kuliko yote ninayoyaona hapa mjini. Mtu anafungua betri "ili taa izime", au anamwomba fundi wa mtaani aifute, kisha anapeleka gari Dar. Kule wanakuta kompyuta tupu. Wanaandika "hakuna hitilafu iliyoonekana", na wana haki. Iache taa iwake hadi mezani kwao.

4. Ondoa mambo madogo kabla hujasafiri. Ukifika na tairi laini na betri chovu, watashughulikia hayo na kukurudisha.

Tairi: pima asubuhi kabla gari halijatembea. Joto likishuka nyuzi 10, tairi hupungua karibu psi 2, kwa hiyo taa ya tairi inayowaka alfajiri za Juni na Julai na kuzima saa nne huenda ni baridi ya Mbeya tu. Betri: injini ikiwa imelala usiku kucha, iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2, taa za ajabu kwenye dashibodi zaweza kuwa zinatoka hapo. Mafuta: angalia ndani ya kifuniko cha tangi wameandika RON (kipimo cha oktani ya petroli) ngapi, jaza inayolingana nayo au inayoizidi, na tunza risiti. "Umeweka petroli mbaya" ni jibu la kwanza utakalopewa, na risiti za miezi mitatu ndizo zinazolimaliza.

Na kama injini yako haina turbo, nakuomba uwe mkweli na nafsi yako. Ikiwa Mbeya, injini hiyo itapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu ya hewa nyepesi. Hilo si kasoro, na hakuna karakana italiponya.

5. Piga picha gari lote, hasa tumboni. Magari ya michezo yako chini, na kati ya Uyole na Makambako kuna matuta Inyala, Igurusi, Chimala, Igawa. Mkwaruzo mmoja kwenye ngao ya chini utatosha mtu kusema umeligonga mwenyewe. Lipandishe kwenye shimo la gereji yoyote ya heshima, piga picha ngao, bolti zake, mipira inayoonekana, rimu zote nne, bampa, viti. Fundi asifungue chochote, aangaze tochi tu. Siku hiyo hiyo jitumie picha kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Safari yangu ya pili sikuwa na picha, na zile bolti nne nilizinunua kwa pesa yangu.

6. Tuma maelezo kabla gari halijaondoka Mbeya. Barua pepe, si simu. Orodhesha matukio, ambatisha picha na video, kisha uliza: Je, mna fundi wa kanda au wakala aliyeidhinishwa huku kwetu? Je, mnaweza kumtuma fundi na mashine yenu? Gharama ya kulibeba gari analipa nani? Kipuri kinachohisiwa kipo stoo, au kinaagizwa? Usisafiri hadi upate majibu kwa maandishi. Zaidi ya kilomita 800 kwenda kuambiwa "kipuri kitakuja baada ya wiki sita" inaumiza.

Uliza pia kama namba yako ya chasisi imo kwenye wito wowote wa kiwanda (wa kurudisha magari yenye kasoro), na angalia mwenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kiwanda chenye jina kubwa nacho hukosea. Mwaka 2014 Porsche iliwaambia wenye 911 GT3 mpya 785 waache kuziendesha baada ya mbili kuungua Ulaya. Chanzo kilikuwa bolti za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) zinazolegea, na injini zote zikabadilishwa. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wetu tunaona aibu kulalamikia gari la bei kubwa, kana kwamba kulalamika ni kukiri kwamba tulikosea kununua.

Kama gari linatembea salama, ondoka alfajiri, na upite Hifadhi ya Mikumi mchana. Likizima hapo, kaa ndani ya gari, uwashe taa za tahadhari na upige simu. Usishuke kufungua boneti. Kama halitembei, tafuta bredauni ya kubeba gari zima juu. Gari la kuendesha magurudumu yote, au la gia za kujiendesha, likiburutwa na magurudumu yakigusa lami unaweza kuua giaboksi, na hapo waranti haitakusikia.

7. Simamia kinachoandikwa kwenye kadi ya kazi. Mezani utamkuta kijana mpole atakayekuuliza, "Tatizo nini, dada yangu?" na kuandika maneno matatu. Mwombe kwa upole aandike maelezo yako yote, au ambatisha karatasi yako na muisaini wote wawili. Hakikisha pana kilomita, kiwango cha mafuta, namba za hitilafu zilizomo, na michubuko iliyopo.

Kisha omba kipimo, usiombe kuzungushwa tu. Kwa gari linalokata nguvu, niliomba wapime uvujaji wa njia ya hewa kwa moshi na kwa upepo wa kubana, gari likiwa limepoa na likiwa la moto. Mlima hauwezi kwenda Dar, lakini mgandamizo wake unaweza kutengenezwa pale pale karakanani. Mkuu wa karakana alinitazama kidogo, akasoma daftari langu, akasema, "Hapa umenisaidia kazi." Baada ya saa mbili akaniita nione ufa.

8. Usisaini kupokea gari kabla ya kulikagua. Wakati wa mchana, si jioni wakifunga. Linganisha na picha zako. Chukua kadi ya kazi iliyojazwa, yenye maneno waliyofanya nini na kipuri gani. "Tumerekebisha" haitoshi. "Tumesasisha programu" inahitaji kutaja ni programu ipi na kwa sababu gani. Omba kipuri cha zamani ukione. Kwa kazi za waranti mara nyingi kinarudishwa kiwandani, basi kipige picha. Hesabu kilomita zilizotembea. Likiwa na kasoro mpya, iandike kwenye karatasi ya kupokea kabla ya jina lako.

9. Likirudia, andika barua. Mfano:

*Tarehe … nilinunua kwenu gari jipya, namba ya chasisi … Limekata nguvu mara saba katika mazingira niliyoambatisha. Liliingia karakanani kwenu tarehe … na tarehe …, likarudi na tatizo lile lile. Naomba ndani ya siku 14 mnijulishe kwa maandishi chanzo, mtakachofanya na lini. Ukarabati huu usipoliondoa tatizo, nitadai kubadilishiwa gari au kurudishiwa fedha.*

Usitukane, usitishie kuwaanika mitandaoni. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora wa kuuzika na inayofaa kwa kazi yake. Lakini pia mnunuzi akikaa na bidhaa muda mrefu bila kueleza kwamba anaikataa, huhesabiwa ameikubali. Ndiyo maana barua iende mapema, na nakala yenye muhuri wao wa kupokea ibaki kwako. Kama ni mkopo, benki nayo ipate nakala.

10. Wakinyamaza, nenda Tume ya Ushindani. FCC inafanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ina sehemu za kumlinda mlaji, na ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Peleka faili lote kwa mpangilio wa tarehe. Kwa kudai fedha mahakamani, ona wakili kwanza. Gari la thamani hii si shauri la kujaribia peke yako.

Pakikwama

*Wanasema "hakuna hitilafu iliyoonekana".* Uliza walipima nini, kwa muda gani, na injini ikiwa na mzigo kiasi gani, kisha waandike jibu hilo kwenye kadi ya kazi. Karatasi yenye maneno "limezungushwa kilomita 6" itakutetea huko mbele.

*Wanasema fundi wa nje aliligusa.* Kumwaga oili kwa ratiba na oili sahihi, ukiwa na risiti, ni jambo moja. Kufungua injini ni lingine. Waambie waandike ni kitu gani fundi huyo alifanya na kilisababishaje hitilafu hii hasa.

*Tatizo linatokea alfajiri tu.* Liache lilale kwao, mliwashe pamoja asubuhi. Lakini Dar haina baridi yetu, kwa hiyo video ya Mbeya yenye sauti na kipimajoto ndani ya picha ina uzito kuliko maelezo yoyote.

*Gari linakaa karakanani wiki baada ya wiki.* Omba kwa barua siku hizo ziongezwe kwenye waranti, na omba gari la kutumia. Wanaweza kukataa, ila ombi libaki kwenye faili. Hakikisha pia kila ziara ina kadi yake. Wengine huacha kadi moja wazi miezi miwili, na mwisho ziara tatu zinahesabika kama moja.

*Wanataka usaini kwamba tatizo limekwisha, na wewe bado uko Dar.* Saini kwamba umepokea gari, ongeza kwa mkono wako "litathibitishwa baada ya kujaribiwa Mbeya", weka tarehe. Mimi nilipanda Chunya asubuhi tatu mfululizo, gia ya tatu, kanyagio chini, rafiki yangu akisoma kifaa pembeni. Asubuhi ya tatu nikawatumia barua ya kufunga malalamiko.